Namba yako imefanywa dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, na hukuulizwa

Jumanne moja saa moja na nusu asubuhi nimesimama kwenye daladala, simu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa nikijua ni watu wa ofisini, kumbe ni meseji kutoka namba nisiyoijua. Imeandikwa kwamba mimi ni mdhamini wa mama fulani, kwamba huyo mama ni tapeli, anadaiwa na anakimbia deni, nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana la sivyo na mimi nitaingizwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Nikaisoma mara mbili. Mama mwenyewe namjua, anapika chapati na maharage karibu na tunapofanyia kazi, na namba yake ninayo kwa sababu moja tu, usipompigia mapema chapati zinaisha. Sijawahi kumdhamini mtu yeyote mkopo maishani mwangu, wala yeye hajawahi kuniomba.

Nilipofika pale kwake alikuwa anasukuma chapati bila kuinua uso. Shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, halafu kabla sijasema lolote akaniuliza, "Na wewe mwanangu wamekutumia?" Ikabidi nikubali. Akaanza kunihesabia kwa vidole vyenye unga: mwenye nyumba wake, mwalimu wa darasa wa mtoto, mkwewe wa Tanga ambaye hata kuongea naye kwenye simu huwa anaona haya, katibu wa kikoba chao, fundi cherehani, na kijana wa boda aliyewahi kumbebea kiroba cha unga mwaka juzi. Wote wameambiwa ni wadhamini wake na wote wameambiwa ni tapeli.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto alilazwa siku tatu, mtaji wote ukaishia hospitali, asubuhi ya nne hana hela ya unga wala mafuta. Akaona tangazo la aplikesheni ya mikopo, haina dhamana, haina mdhamini, dakika tano pesa iko kwenye simu. Kwenye kioo ikaandika mkopo wa shilingi 80,000, zikaingia 56,000, ile 24,000 ikakatwa palepale kwa jina la ada ya huduma, na ndani ya siku saba irudi 80,000 kamili. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Siku ya saba alikuwa na 50,000 mkononi, akaomba asogezewe siku tatu, hakuna aliyejibu maana hakuna mtu wa kuongea naye, siku ya nane kabla jua halijachomoza meseji zikaanza kwenda kwa watu.

Mchana tukaenda wote kwa fundi simu kwa sababu alitaka ile aplikesheni ifutwe na ikibidi simu nzima iflashiwe. Fundi akaichukua, akaingia kwenye mipangilio, akatuonyesha ukurasa wa ruhusa: majina ya kwenye simu, meseji, picha, kamera, mahali ulipo, zote zimewashwa. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hata nikiichoma moto hii simu, majina yako yalishaondoka siku ile uliyobonyeza kubali." Tukahesabu, kitabu chake cha simu kina namba 312. Yaani kidole cha mtu mmoja, kwa kubonyeza mara moja, akiwa na mtoto mgonjwa na hana hela ya unga, kimewapeleka watu 312 kwenye kompyuta ya watu ambao hata ofisi yao haijulikani iko wapi.

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kichwani, na nataka nilifafanue vizuri maana nikisikiliza mazungumzo ya watu kuhusu mikopo ya mtandaoni naona yanaishia sehemu mbili tu, ama tunamlaumu aliyekopa (nani alimtuma), ama tunamlaumu aliyetuma zile meseji (hana utu). Katikati hapo kuna kitu kikubwa ambacho hatukigusi, nacho ni chombo chenyewe. Wasomi wana tawi zima la kazi linaloitwa uchambuzi wa kijamii wa teknolojia, jina linatisha kidogo lakini swali lake hata mama wa chapati anaweza kuliuliza: hiki chombo kilipokuwa kinachorwa nani alikuwa mezani, kilichorwa kwa faida ya nani, na ni nani analipa gharama yake bila hata kujua kwamba alihesabiwa?

Nilipoihadithia ofisini, kaka mmoja akasema lile neno ambalo wengi wetu tunalo tayari mdomoni. Teknolojia haina kosa bwana, teknolojia ni kama kisu, unaweza kukatia nyama na unaweza kumchomea mtu, kosa ni la mtumiaji. Linasikika vizuri na ndiyo maana linadumu. Lakini hebu tukiangalie hicho kisu kwa karibu. Kisu cha kupakia siagi kimetengenezwa butu makusudi. Panga limepewa uzito na upana kwa sababu lilikusudiwa kufyeka. Sime imenolewa pande zote mbili na ina ala ya kubebea kiunoni, haikutengenezwa kumenya vitunguu. Kabla ya kufika mkononi mwako kila kimoja kilipitia kwa mhunzi, na mhunzi aliamua mambo, akapunguza huku akaongeza kule, na maamuzi yake yanakaa ndani ya chuma hata wewe ukiwa mtu mpole kuliko wote mtaani.

Aplikesheni ya mkopo ni hivyohivyo. Kukokotoa mkopo wa 80,000 hakuhitaji jina la mwalimu wa mtoto wako, kutuma pesa kwenye simu hakuhitaji picha zako. Kuna mtu alikaa kwenye meza akaandika mstari wa maelekezo unaosema chukua majina yote, na mwenzake akaandika mwingine unaosema asipokubali usimpe mkopo. Zamani kwenye simu za Android ulikuwa unapakua kitu unakubali kila ruhusa kwa mpigo au unaacha kabisa, kisha kuanzia toleo la 6 lililotoka 2015 mtumiaji akapewa uwezo wa kukataa ruhusa moja moja. Ilikuwa hatua nzuri. Aplikesheni nyingi za mikopo zikajibu kwa kugoma kufanya kazi mpaka uwashe zote, kwa hiyo ule uhuru wa kukataa ukabaki kwenye makaratasi kwa mtu mwenye shida. Aliyetuma zile meseji asubuhi ile, hata kama alikuwa kijana aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo na kupewa idadi ya madeni ya kukusanya kwa siku, alikuwa anatumia kitu kilichokuwa tayari kimenolewa upande huo.

Sasa kwa nini majina? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, na historia yake ni tamu kwa kweli.

Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilizindua M-Pesa Machi 2007 na dunia nzima inaijua kama huduma ya kutumiana pesa. Lakini majaribio yake yaliyoanza Kenya Oktoba 2005 yalikuwa ya mikopo. Wazo, lililobuniwa na watu wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa Safaricom, na kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, lilikuwa kwamba wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu wapokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu badala ya kupanga foleni. Wateja wakapewa huduma, wakaigeuza. Mmoja anaweka pesa mjini kabla ya safari anaitoa akifika ili asiibiwe njiani, mwingine anaitumia kama sanduku la kulazia mauzo ya siku, wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao, watu wananunua muda wa maongezi na kuutuma kwa ndugu walioko mbali. Waendeshaji wakaona watu wamekataa kile walichotengenezewa wakachukua walichokihitaji, wakaubadilisha mradi wote ukazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mimi hili hunifurahisha sana, maana linaonyesha kwamba watu wa kawaida nao hushika kalamu, si wenye kompyuta peke yao. Na faida yake ilikuwa ya kweli kabisa: watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliziinua kutoka kwenye umaskini kaya kama 194,000 za Kenya, karibu asilimia 2 ya kaya zote. Kwa hiyo mtu asinisome hapa akadhani nachukia simu.

Ila mkopo uliofukuzwa kwa mlango wa mbele ukarudi kwa wa uani. Novemba 2012 Kenya ikaja M-Shwari, mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, ambayo ukiikopa mwezi hadi mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka, na bado ukilinganisha na kile kilichompata mama wa chapati unaiona ni ya huruma. Tanzania tukapata M-Pawa mwaka 2014. Hizi za kampuni za simu na benki hazikuwa na haja ya kuchokonoa kitabu chako cha majina kwa sababu tayari zinaona pesa zako zinavyoingia na kutoka na vocha unazonunua. Tatizo likawa kwa waliokuja baadaye, hawa wa aplikesheni za kujitegemea walioanza kumiminika kuanzia 2014 hivi. Wao hawana mtandao wa simu, hawana tawi, hawana afisa mikopo wa kuja kuona genge lako, na mkopaji hana hati ya nyumba wala hati ya mshahara. Wana kitu kimoja tu cha kukujua nacho, simu iliyo mkononi mwako. Wakaamua kuisoma, na majina ya humo yakawa na kazi mbili, kukupima kabla ya kukukopesha na kukushika ukichelewa.

Kwenye kukupima kuna jambo dogo nataka tulitazame kwa karibu. Miongoni mwa wakopeshaji hawa wapo walioeleza hadharani kwamba namna mtu anavyohifadhi majina kwenye simu ni alama, anayeandika jina la kwanza na la ukoo anaonekana mpangilifu na analipa vizuri zaidi. Huenda hesabu zao zilionyesha hivyo kweli. Lakini fungua simu yako sasa hivi. Mimi ninao Mama Zuhura, Baba Collins, Fundi Bomba, Boda Mwenge, Mjomba Singida, Shemeji, Dalali 2, Mama Chapati. Hatuandiki jina la ukoo la mama wa mtu, kwetu kumwita Mama Zuhura ndiyo heshima yenyewe, na kumwandika mjomba wako kwa majina mawili kama anayeitwa polisi ni jambo la ajabu kidogo. Kwa hiyo kipimo kinachoonekana ni hesabu tupu, namba na mashine, ndani yake kimebeba desturi ya jamii ambayo majina huandikwa namna nyingine, na adhabu yake anaipata mtu anayeishi kwa heshima za kwao. Halafu ukinyimwa utaambiwa mfumo umekataa. Mfumo haukuzaliwa msituni jamani, kuna watu waliuambia uangalie nini na uache nini, na hao watu wakishasema "mfumo" wanakuwa wameondoka chumbani, humpati wa kumuuliza.

Kuna wanaobisha, na hoja yao ni nzuri, wanasema aibu si kitu kipya. Vikoba vinatumia aibu, upatu unatumia aibu, na ile mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu inakuja kuchukua godoro na mitungi majirani wakiangalia. Ni kweli, na kausha damu imeumiza kina mama wengi sana kabla ya aplikesheni yoyote, siitetei. Lakini tuangalie kikoba cha yule mama kinavyofanya kazi. Mdhamini wake anakaa pale kwenye mkeka, amesema kwa mdomo wake nakubali, anajua akidhamini analipa nini, na kama hataki anasema hapana na maisha yanaendelea. Mkopaji akichelewa anasimama mbele ya wenzake anasema mtoto alilazwa, na wenzake wanajua kama ni kweli kwa sababu mmoja wao alimpelekea uji wodini. Wanaweza kumpa wiki mbili, wanaweza kumtoza faini kidogo, wanaweza kumfokea pia, lakini kuna masikio. Aplikesheni imechukua nguvu ya aibu kutoka kwenye mkeka ule ikaacha ridhaa na ikaacha masikio. Imewafanya ndugu zako kuwa dhamana bila kuwauliza. Na dhamana ya kawaida, tuseme shamba au pikipiki, ukishindwa inachukuliwa na deni linaisha, ila hii ya watu ikishatumika deni liko palepale na mkwe wako wa Tanga ameshasoma kwamba wewe ni tapeli.

Ndiyo maana lile neno la "alikubali masharti mwenyewe" halinitoshi kabisa. Tuache kwamba masharti yenyewe ni kurasa na kurasa za Kiingereza kwenye kioo kidogo chenye ufa, tuache kwamba alikuwa na shida. Tuseme alisoma kila neno akaelewa na akakubali. Alikubali kwa niaba ya nani? Namba yangu ni yangu. Yule mwalimu hakukubali, kijana wa boda hakukubali. Sheria nyingi na aplikesheni nyingi zimejengwa kwa wazo kwamba taarifa ni za mtu mmoja mmoja, anazimiliki kama shati lake, anaweza kuzitoa akitaka, wakati kitabu cha majina ni cha watu wengi kwa asili yake, kama vile kisima cha kijiji hakiuzwi na mtu mmoja kwa kuwa tu ndiye aliyekuwa na kamba siku hiyo.

Sasa njoo kwenye lile jambo la tatu linaloziba mjadala huu, la kusema maendeleo hayazuiliki, teknolojia ikija imekuja, anayelalamika anataka turudi kuandika barua. Watu wanaosema hivi hupenda kuwataja wale wafanyakazi wa Uingereza waliovunja mashine za kufuma, Waluddi, kuanzia mwaka 1811 kule Nottingham na vijiji vyake. Wanatajwa kama watu wajinga walioogopa kitu kipya. Mashine ya kufumia soksi ilivumbuliwa mwaka 1589, miaka zaidi ya mia mbili kabla. Wale watu walikuwa mafundi hodari walioitumia mashine hiyo tangu babu zao. Walichokikataa ni namna waajiri fulani walivyoanza kuitumia, kufuma vitambaa vipana na kuvikata vikatoka nguo hafifu za kushonwa pembeni, kuingiza wasiofundishwa kazi, na kushusha malipo. Walikuwa wanachagua, usiku wanaingia kwenye karakana wanavunja mashine za mwajiri anayepunja na kuziacha za yule anayelipa bei ya zamani. Serikali ikajibu mwaka 1812 kwa sheria iliyofanya kuvunja mashine kuwa kosa la kunyongwa na ikamwaga askari kama 12,000. Kwa hiyo hiyo "haikuzuilika" ilihitaji kitanzi na bunduki ili isizuilike.

Mfano mwingine ni wa nyanya, na mtu wa Ilula, kule Iringa kwenye mashamba ya nyanya, atauelewa haraka kuliko profesa. Kule California watafiti wa chuo kikuu cha serikali walianza miaka ya 1940 kutengeneza mashine ya kuvuna nyanya. Mashine inang'oa mche mzima na kuutikisa, nyanya laini zinapasuka, wakaona suluhisho ni kuzalisha mbegu ya nyanya ngumu, hata kama utamu unapungua. Mashine ilikuwa ghali, zaidi ya dola 50,000, kwa hiyo waliomudu ni wakulima wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwepo wakulima wa nyanya kama 4,000 jimboni humo, kufika 1973 wamebaki kama 600, na ajira zipatazo 32,000 zinakadiriwa kuwa zilipotea hadi mwisho wa muongo huo. Hakuna aliyekaa akapanga kuwadhulumu wavunaji, watafiti walikuwa wanatatua tatizo la kuvuna. Ila chombo walichokichora kilikuwa na mkulima fulani ndani yake, mwenye shamba kubwa na mkopo wa benki, na mwingine hakuwemo. Mwaka 1979 mawakili wa watetezi wa wafanyakazi wa mashamba walikipeleka chuo mahakamani wakihoji pesa ya walipakodi inatengeneza mashine za nani. Naona ni swali zuri sana mpaka leo.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo hoja ya kisu inapoanguka yenyewe. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data Novemba 2019. Malalamiko ya meseji kama niliyoipata mimi yakajaa kwa Kamishna wa Data. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili wakopeshaji wa kidijitali waombe leseni, kanuni zikatoka Machi 2022, na kufika Septemba mwaka huohuo walikuwa wameomba 288 na wamepewa leseni 10. Umeona hiyo namba. Septemba 2023 Kamishna akaipiga kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na aplikesheni za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma vitisho. Lakini kwa maoni yangu kilichokata zaidi ni jambo la kiufundi lisilo na kelele: kuanzia mwisho wa Mei 2023 Google ikazipiga marufuku aplikesheni za mikopo kwenye duka lake kugusa majina ya simu na picha za mtumiaji. Mstari mmoja wa kanuni. Mikopo haikufa, aplikesheni zilizofuata kanuni zikaendelea kukopesha bila majina. Yaani tuliyoambiwa kwa miaka kwamba bila hivyo haiwezekani, yaliwezekana. Kama kosa lingekuwa la tabia ya mtumiaji tu, kubadilisha chombo kusingebadilisha kitu.

Sisemi limekwisha, hata mama wa chapati nimemweleza kwamba hayajaisha. Zipo aplikesheni zinazopita nje ya duka, unatumiwa linki kwenye WhatsApp unapakua moja kwa moja, huko hakuna kanuni ya mtu. Zipo zinazokutaka uandike mwenyewe namba tano za "watu wa karibu" na wale watano hawapigiwi kuulizwa kama wanakubali. Google ilishakataza tangu 2019 mikopo inayotakiwa kurudishwa yote ndani ya siku 60, zikawa zinaandika dukani siku 91 na ndani ni siku saba. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila kibali na kuwaonya wananchi wasizitumie. Ni hatua, nashukuru, ila kufungia majina ni kazi ya kufukuza kuku, inafungwa leo inafunguliwa kesho kwa jina jingine na rangi nyingine, chombo ndani ni kilekile. Ningependa kuona sheria inaandikwa ikilenga uchoraji wenyewe, kwamba mkopeshaji yeyote haruhusiwi kuomba majina hata kama mkopaji amekubali, na kwamba mdhamini si mdhamini mpaka yeye mwenyewe ajibu ndiyo kutoka kwenye simu yake. Ni kitu cha meseji moja tu, kampuni za simu zinaweza kukifanya hata kesho.

Na bado lile hitaji liko palepale. Mama wa chapati alihitaji 56,000 saa kumi na moja alfajiri, benki haikuwa na kitu cha kumpa, kikoba kinakutana Jumapili. Anayezikemea hizi aplikesheni bila kusema kuhusu hiyo saa kumi na moja alfajiri anamwacha yule mama mahali palepale alipomkuta. Kikoba chao sasa wameanzisha mfuko wa dharura, wanachanga 500 kila wiki, katibu anaweza kutoa hadi 50,000 siku yoyote bila kusubiri kikao, akitoa anaandika kwenye grupu la WhatsApp ili wote waone. Walikaa wakabishana siku nzima kuhusu nani aruhusiwe kuona jina la aliyekopa, wengine wanasema wote tuone ndiyo uwazi, wengine wanasema mtu ana aibu zake, mwishowe wakaamua kiwango kionekane kwa wote lakini jina abaki nalo katibu na mweka hazina. Nilikuwepo wakati wanabishana. Walikuwa wanachora chombo.

Deni alilimaliza baada ya siku 19, alilipa jumla ya 118,000 kwa pesa iliyoingia 56,000. Meseji zikakoma. Mkwewe alikuja msiba wa jirani mwezi uliofuata na hawakuongea lolote kuhusu hilo, na mama anasema ni afadhali wangeongea.

Mimi nikaandika malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilidhani anayetakiwa kulalamika ni aliyekopa, kumbe namba iliyotumika ni yangu, na taarifa za kwangu zimechukuliwa bila mimi kuulizwa. Kama na wewe ulishapata meseji ya namna hiyo na ukaifuta kwa hasira, inayofuata usiifute. Piga picha ya kioo namba ya mtumaji na tarehe vikionekana, andika jina la aplikesheni kama aliyekopa analijua, na mtumie na yeye hiyo picha taratibu, kwa faragha, umwambie umepata na hujaamini.